MAONI: Kutoka Lubumbashi, safari ya Alpes ni rahisi kupanga kuliko safari ya Lofoi

Marafiki wanne wa Lubumbashi, wote wamepita miaka thelathini na wote wako na kazi, walikaa siku moja ya Yenga kwenye nganda ya komini Kampemba wakaanza kupanga safari ya Ulaya kwa motokari. Si safari ya masomo, si ya matibabu, wala si ile ya kwenda bila kurudi. Wanataka kutua Brussels, kumchukua mwenzao wa chuo anayeishi Liège, kukodi motokari ya viti vitano na kuzunguka kwa majuma mawili: Luxembourg, misitu ya kusini mwa Ujerumani, milima ya Uswisi na Austria, kisha kuteremka Italia. Shabaha ni njia yenyewe. Kuendesha, kusimama, kutazama, kula, kupiga picha, kuendelea. Mizigo ya watu watano itaingia wapi katika motokari hiyo, hilo hawakuligusa.

Kabla chupa za pili hazijafunguliwa, simu zilikuwa zimekwisha kuwapa karibu kila kitu. Barabara ya juu ya Msitu Mweusi, ile B500 kutoka Baden-Baden mpaka Freudenstadt, ni kilometa 60 hivi. Barabara ya Grossglockner kule Austria ina kilometa 48, inapanda mpaka zaidi ya mita 2,500, na hufungwa wakati wa theluji, kwa hiyo mwezi wa saba ni sawa. Mlango wa Stelvio, upande wa Italia, uko kwenye mita 2,757, na ukipandia Prato unapata kona kali 48, kila moja na kibao chenye namba yake. Walijua wapi wanalipa, wapi hawalipi, wapi petroli ni ghali na wapi ni afadhali.

Kisha mmoja wao akauliza, kama mzaha, kwenda Lofoi kungechukua saa ngapi. Meza ikanyamaza. Kati ya wanne hao hakuna aliyekwisha kufika. Hakuna aliyejua njia iko katika hali gani, nani wa kupigia simu, wala kama kuna mahali pa kulala. Wote wamezaliwa Katanga. Simu zilizojua ni lini geti la mlima wa Austria linafunguliwa hazikuwa na jibu la maana juu ya maporomoko ya maji yaliyo ndani ya jimbo lao.

Kila mara vijana wa hapa wanapotaja Ulaya, au Mputu kama wazee wengine wanavyoita, mahubiri huwa tayari: mnakimbilia vya wengine na kudharau vya kwenu. Mahubiri hayo si ya haki. Kijana wa Lubumbashi hadharau Lofoi. Hajaonyeshwa Lofoi. Anajua Alpes kwa sababu kuna watu waliofanya kazi, kwa miaka mingi, ili mgeni ajue njia, bei, saa na hatari kabla hajatoka nyumbani kwake. Asiyejua Lofoi ni kwa sababu kazi hiyo hapa haijafanywa. Na wenye kuifanya si vijana wanne wa nganda.

Wala hao wanne hawachukui njia rahisi. Pasipoti ya Congo kwa miaka ilikuwa dola 185, moja ya ghali kabisa duniani, na wandishi wa habari wa Reuters walionyesha mwaka 2017 kwamba sehemu kubwa ya pesa hizo haikuingia katika sanduku la serikali. Baadaye bei ilishuka mpaka dola 99. Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima tangu mwezi wa sita 2024, na ukikataliwa pesa hairudi. Juu yake kuna bima ya safari inayofunika angalau euro 30,000, karatasi za benki, barua ya kazi, cheti cha ndoa kwa mwenye ndoa, picha, tafsiri. Kituo kikubwa cha viza hizo, kile kilichoanza mwaka 2010 kwa jina la Maison Schengen, kiko Kinshasa, na kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa hakuna barabara ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuipanga kwa siku zinazojulikana. Ni ndege. Kwa mkaaji wa Lubumbashi, safari ya Ulaya huanza na safari nyingine ya ndani ya nchi, nayo si ya bei ndogo.

Wazee wa mji huu wanaielewa hali hiyo kuliko vijana wanavyodhani. Wakati wa Wabelgiji, Mkongomani aliyetaka kutoka katika eneo lake kwa muda mrefu alipaswa kupewa karatasi ya ruhusa. Wako watu katika Kamalondo na Kenya ambao mababu zao waliingia Élisabethville na karatasi hiyo mfukoni, na ambao wangerudishwa kijijini bila hiyo. Kuomba ruhusa ili kusafiri si jambo jipya katika familia za hapa. Kilichobadilika ni nani anayeombwa, na umbali wa dirisha lake.

Lakini jambo linalouma zaidi liko baada ya viza. Mwenye kuipata anaingia katika nchi 29 ambazo zimekubaliana kutosimamishana mipakani. Mkataba huo ulitiwa sahihi tarehe 14 mwezi wa sita 1985, kwenye mashua, katika mto Moselle, mbele ya kijiji kidogo cha Luxembourg kiitwacho Schengen. Nchi tano tu ndizo zilianza. Leo marafiki wanne wa Lubumbashi, wakishapewa karatasi moja, wanaweza kunywa kahawa asubuhi Ubelgiji, kula saa sita Luxembourg na kulala Ujerumani, na mara nyingi hakuna askari atakayewagongea kioo.

Wakiamua badala yake kwenda Kasenga, ambako samaki wa mto Luapula wanatoka, watakuwa ndani ya jimbo moja, katika nchi yao, na vitambulisho vyao. Lakini kila dereva wa hapa anajua namna siku hiyo itakavyokuwa. Kuna bariyeri yenye kamba, nyingine yenye mti, nyingine yenye kiti tu na mtu amekaa. Kuna roulage, kuna wa kodi, kuna wa mazingira, kuna wa usafi wa kijiji. Mmoja anataka vinyeti, mwingine kontrole tekniki, wa tatu anataka tu kujua wakubwa wanaenda wapi na kama wamemkumbuka. Mwenye kuuza samaki amekwisha kuingiza bariyeri hizo katika bei ya samaki wake. Mwenye kutembea kwa furaha hawezi kuziingiza mahali popote. Anarudi nyumbani amechoka, na safari nyingine haipangi.

Neno hilo vinyeti, kwa kweli, liliwachekesha wale wanne. Walipoona kwamba Uswisi nayo inadai vinyeti, faranga 40 za huko kwa mwaka mzima kwa kutumia barabara zao kuu, walijiona nyumbani. Tofauti ni kwamba dereva wa Uswisi akilipa, habari inaisha. Dereva wa Lubumbashi akilipa vinyeti yake ya mwaka, amenunua kitu cha kuonyesha kwenye bariyeri ya kwanza.

Sasa Lofoi yenyewe. Mto Lofoi unatiririka juu ya uwanda wa Kundelungu, unafika ukingoni na kuanguka kwa mara moja, mita zaidi ya 300, katika bonde la chini. Victoria Falls, kati ya Zambia na Zimbabwe, ni mita 108. Upana haulinganishwi, Zambezi ni mto mkubwa sana, lakini kwa urefu Lofoi ni karibu mara tatu ya Victoria, na ni moja ya maporomoko marefu ya Afrika. Yako ndani ya hifadhi ya taifa ya Kundelungu, iliyoundwa mwaka 1970, kaskazini-mashariki mwa Lubumbashi. Kwa ramani si mbali. Mtu anayeendesha Lubumbashi mpaka Kolwezi, kilometa 300 hivi, kwa biashara ya siku moja, hawezi kuita hiyo mbali.

Mtego uko katika majira. Wakati wa mvua maji ni mengi, kelele inasikika kabla hujaona kitu, lakini njia za udongo za huko zinageuka matope na motokari ya kawaida haifiki. Wakati wa kiangazi udongo unakauka, motokari ndefu yenye kuvuta magurudumu manne inaweza kupita, lakini maji yamepungua sana, yamekuwa kama uzi ukining'inia juu ya jiwe. Barabara inapokubali, maporomoko yanakataa. Maporomoko yanapokubali, barabara inakataa. Katikati kuna majuma machache, mvua zinapokwisha, ambapo vyote viwili vinaweza kukubaliana, na mtu wa Lubumbashi angepaswa kuambiwa majuma hayo ni yapi kwa mwaka huo. Austria inatangaza kila mwaka ni lini Grossglockner inafunguliwa baada ya theluji kuondolewa. Theluji na matope ni adui wa namna moja. Mmoja umetangaziwa wasafiri, mwingine umeachiwa Mungu.

Lofoi haiko peke yake. Kuna Kiubo kwenye mto Lufira. Kuna ziwa la Tshangalele, na pembeni yake Mwadingusha, ambako maji yanatoa umeme wa viwanda tangu miaka ya 1930. Kuna mapango ya Kakontwe, karibu na mji wa Likasi. Kuna ziwa Mwero, na Kilwa na Pweto kwenye ukingo wake, ambako jua linazama upande wa Congo na watu wa Zambia wanalitazama kutoka ng'ambo. Kuna Upemba, hifadhi iliyoundwa mwaka 1939, ambayo inatunza punda milia wa mwisho wanaoishi porini katika Congo nzima. Mtoto wa Lubumbashi anamjua punda milia kwa bustani ya wanyama ya mjini na kwa televisheni.

Itakuwa uongo kusema kwamba kinachokosekana ni vibao tu. Eneo kati ya Pweto, Mitwaba na Manono liliitwa pembetatu ya kifo, na waliolipa jina hilo hawakuwa wakitia chumvi. Vijiji vilichomwa, watu walikimbia, wapiganaji wa Bakata Katanga wametajwa huko kwa miaka, na walinzi wa Upemba wameuawa wakiwa kazini. Mzazi anayemkataza mtoto wake kwenda Mitwaba na marafiki wa chuo hana woga wa bure. Hata hivyo, usalama wa njia ni jambo la kila njia na kila mwezi. Si kila barabara ya jimbo inapita katika pembetatu hiyo, na habari ya Mitwaba haipaswi kufunga Mwadingusha. Leo inaifunga, kwa sababu mtu asiyeambiwa lolote huogopa kote.

Barabara moja haijakosa kuangaliwa. Ni ile ya Kolwezi, Likasi, Lubumbashi na Kasumbalesa. Ina lami, ina peaje, ina mizani, ina vibanda vya risiti. Usiku na mchana inabeba malori ya shaba na kobalti kwenda Durban, Dar es Salaam na Walvis Bay. Congo inatoa zaidi ya sehemu 70 kwa 100 ya kobalti ya dunia, na kwa shaba imekwisha kupanda mpaka nafasi ya pili. Uzito huo wote unapita hapo. Anayetaka kuitumia barabara hiyo kwa kutembea anajua namna inavyokuwa: lori mbele, lori nyuma, lori limelala pembeni, vumbi la shimo jipya, na mtu aliyechoka kungoja akijaribu kupita mahali ambapo hapafai kupita.

Hapa kuna jambo dogo ambalo mgeni haliamini. Congo inaendesha upande wa kulia, lakini motokari nyingi za Lubumbashi zimetoka Japani zikiwa na usukani wa kulia. Dereva akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja. Anayekaa kushoto ndiye anayeona, naye ndiye anayesema pita au bado. Kwenye njia ya Likasi maisha ya watu watano hukaa katika mdomo wa abiria, na wakati mwingine abiria huyo ni mtoto wa miaka kumi na mbili. Wale marafiki wanne walijiuliza kama wataweza kuendesha na usukani wa kushoto kule Uswisi. Jibu ni kwamba huko, kwa mara ya kwanza, wataona barabara kwa macho yao wenyewe.

Njia ya shaba si jambo la jana. Reli ilifika Élisabethville mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa, ikitoka kusini, kwa sababu shaba ilipaswa kutoka. Mji umejengwa juu ya njia ya kutolea. Leo kelele yote juu ya reli ya Lobito, pamoja na wakubwa wa dunia wanaokuja kupiga picha, ni ya jambo lilelile: mawe yatoke upesi zaidi. Hakuna ubaya mawe kutoka. Lakini katika zaidi ya miaka mia moja, ni nani aliyekwisha kuchora njia kwa ajili ya mkaaji anayetaka tu kuona jimbo lake? Wakoloni walikuwa na vitabu vya kuongoza watalii wao. Baada yao, kitu cha namna hiyo mkononi mwa mkaaji wa kawaida hakionekani.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wenye tumbo limeshiba. Wataamka Katuba, wataona bei ya mfuko wa unga wa bukari, na watauliza nani ana wakati wa maporomoko. Hoja hiyo ina uzito, na hapa ndipo wengi wanaonyamaza wanakosea. Barabara ya kwenda kutazama ni ileile ya kwenda kuuza. Njia inayoruhusu motokari ndogo kufika karibu na Lofoi inaruhusu mama wa mahindi kufika Lubumbashi kabla mahindi yake hayajaoza, na mgonjwa kufika hospitali kabla hajafa. Wakati wa mvua wanaozuiwa na matope si watalii, maana watalii hawapo. Wanaozuiwa ni wakaaji. Na wanaolipishwa kwenye bariyeri za kamba ni wakaaji haohao.

Grossglockner inafaa kutajwa tena hapa, kwa sababu watu huiona kama anasa ya nchi tajiri. Ilijengwa kati ya 1930 na 1935, wakati uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka na Austria ilikuwa imejaa watu wasio na kazi. Ilichimbwa kwa ajili ya kuwapa kazi na kuleta wageni wenye motokari, wakati ambapo Waaustria wengi hawakuwa na motokari. Ilikuwa ya kulipia tangu mwanzo. Peaje ya Austria ililipia mlima. Peaje ya Katanga inalipia nini, mwenye motokari ndogo anayepita kibanda cha Likasi hajui, kwa sababu haandikiwi popote, kwa maneno anayoyaelewa, kiasi kilichoingia na kiasi kilichorudi barabarani.

Mfano wa pili ni wa bei ndogo zaidi. Mwaka 1950, Ujerumani ikiwa bado na majengo yaliyobomolewa na mabomu, miji kadhaa ya kusini ilikaa pamoja na kukubaliana kuita njia inayoiunganisha, kutoka Würzburg mpaka Füssen, Romantische Straße. Hawakuanza kwa kujenga barabara mpya. Njia zilikuwapo. Walizipa jina, wakaweka vibao, wakachapa karatasi za kuongoza, na kila mji ukajua kwamba mgeni aliyelala hapa jana atakula kule leo. Zaidi ya miaka sabini baadaye marafiki wanne wa Kampemba wanaijua njia hiyo kwa jina.

Kwa hiyo hoja kwamba kwanza tupate lami yote ndipo tufikirie wageni haisimami. Kuna kazi ya kufanya ambayo haihitaji hata pipa moja la lami. Jimbo lina wizara yenye utalii ndani yake. Taasisi ya uhifadhi, ICCN, ina walinzi wanaojua kila wiki ni njia ipi inapitika. Kinachotakiwa ni ukurasa mmoja kwenye simu na ubao mmoja njiani, vyote viwili vikiandikwa upya kila Ijumaa: njia iko wazi au imefungwa, motokari gani inafika, kuingia hifadhini ni kiasi gani, kulala ni wapi, usalama ukoje, namba ya kupiga ni ipi. Baada ya hapo, gavana aseme ni bariyeri ngapi za halali kati ya Lubumbashi na Lofoi, aziandike kwenye ubao huo kwa majina, na nyingine zote ziondolewe. Hilo halihitaji mkopo kutoka nje. Linahitaji kuudhi watu fulani.

Kisha lije jambo la pesa. Barabara ya shaba inaingiza. Barabara za mashariki ya jimbo, zile za samaki, mahindi na makala, haziingizi, kwa hiyo zinabaki za mwisho. Lakini malori yanayovunja lami ya Likasi yanabeba mali ya jimbo lote. Mbunge wa jimbo anayetafuta hoja ya kubeba angeweza kuanza hapo: sehemu ya peaje, hata ndogo, iandikwe wazi kuwa ya njia zisizo na machimbo, na hesabu yake isomwe hadharani kila mwaka. Kama jambo hilo haliwezekani, basi waseme kwa nini.

Wakati huu wote, wenye uwezo wa Lubumbashi hawakai nyumbani. Likizo zikifika, wanavuka Kasumbalesa. Wanapita Ndola, wanapita Lusaka, wanaendesha upande wa kushoto kwa hofu siku ya kwanza na kwa majivuno siku ya pili, mpaka Livingstone, kuona maporomoko ya mita 108. Wanalala huko, wanakula huko, wananunua huko. Watoto wao wanarudi na picha za upinde wa mvua wa Zambia. Zambia haina siri kubwa. Barabara yake kutoka Lusaka haikosi mashimo, watu wake hawana utajiri wa kushangaza. Lakini anayetoka Lubumbashi anajua kabla ya kuondoka ni wapi atalala na atalipa kiasi gani, na kwa hilo tu yuko tayari kuendesha zaidi ya kilometa 900, akipanga foleni na malori mpakani.

Dola hizo zingeweza kulala Kiubo. Hazilali huko, na mwenye nyumba ya kulaza wageni aliyejaribu kufungua katika njia hizo anajua hesabu yake: chakula kimeharibika, vitanda vimekaa vitupu, mfanyakazi wa kijiji amerudi kuchoma makala. Miti ya kandokando ya njia za Kasenga na Likasi imekwisha kwa ajili ya mbabula za Lubumbashi. Kijana wa kijijini aliye na mti na asiye na mgeni, atauza mti. Mwenye kumhubiria juu ya maumbile bila kumletea hata motokari moja ya wageni kwa mwezi, anampotezea wakati.

Wale marafiki wanne hawajaacha mpango wao, wala hakuna sababu waache. Wawili wamekwisha kuwa na pasipoti. Wa tatu anangojea cheti. Wa nne amehesabu ndege ya Kinshasa, hoteli ya Kinshasa, viza na bima, akaona kwamba kabla hajagusa usukani wowote wa Ulaya atakuwa ametumia karibu nusu ya akiba yake, na bado jibu linaweza kuwa hapana. Amesema ataendelea. Anataka kuona zile kona 48.

Lakini katika kikundi chao cha WhatsApp, chini ya ramani ya Stelvio, sasa kuna swali ambalo halijajibiwa. Mmoja wao alijitolea kupita ofisi ya ICCN mjini, wakati wa mapumziko ya saa sita, aulize kama mwezi wa tano motokari yake ya kawaida inaweza kufika Lofoi maji yakiwa bado mengi, na kama hapana, ifike mpaka wapi, na kutoka hapo watembee saa ngapi kwa miguu. Wenzake wamemwomba asisahau kuuliza pia bariyeri ziko ngapi.